Malalamiko Dhidi ya Nesi Anayejibu Maswali

Kwa Mkuu wa Kituo cha Afya,

Ndugu Mkuu,

Salamu na heshima zangu zikufikie. Mimi ni fundi cherehani wa hapo mkabala na lango lenu, baba wa mabinti wawili. Namlalamikia nesi wako wa Jumatano, yule anayewakusanya vijana na kuwajibu kila wanachouliza. Kila kitu, Mkuu, bila hata kukohoa.

1. Binti yangu mkubwa, wa miaka kumi na sita, sasa anaujua mwili wake. Ametundika kalenda ukutani na kuzungushia tarehe zake kwa chaki yangu ya kukatia nguo. Nilipomuuliza ni za nini, akanijibu! Nilitegemea aone haya, nikayaona mimi.

2. Kijana wa fundi viatu alimwambia kwamba mara ya kwanza mtu hapati mimba. Zamani msichana angeamini, na mambo yangeisha kwa heshima, yaani kwa harusi ya haraka. Wangu alimcheka mbele ya wateja: "Nenda Jumatano ukafundishwe." Naye akaenda! Sasa hata wavulana wanajua.

3. Sisi hatukuambiwa lolote, na tulikua vizuri. Dada yangu alionywa tu asikalie kiti cha mvulana. Alitii kabisa. Alipoacha shule na tumbo la miezi mitano tulishangaa sote, yeye kuliko wote. Hayo ndiyo yalikuwa malezi.

4. Mke wangu naye ameanza kuhudhuria, eti anamsindikiza binti. Juzi kaniuliza jambo. Nikajifanya uzi umekatika.

Kwa hiyo naomba nesi awajibu waliokwisha kuzaa tu, ambao hawana haja tena ya kujua.

Nisalimie wauguzi wote, mtu wa dirisha la dawa na mama wa usafi. Nesi wa Jumatano msalimie pia, ila kwa kifupi.

Wako mtiifu,
Fundi wa mkabala

N.B. Nimeifungua tena bahasha. Nilipokwisha kuifunga asubuhi hii, binti yangu mdogo, wa miaka kumi na mbili, akajifungia bafuni akilia kwamba anakufa. Mama yake alikuwa sokoni. Nikasimama mlangoni na dawa ya kichwa mkononi. Dada yake akanisogeza pembeni. "Hufi, mdogo wangu. Ni hedhi tu. Fungua nikuonyeshe." Baada ya dakika kumi nikawasikia wanacheka. Tafadhali mwandikisheni Jumatano ijayo. Na kama pana nafasi nyuma kabisa, hata ya kusimama, nitakuja naye.