Shahidi Niliyemtafutia Mchumba

Jumatatu, 5 Agosti 1957. Asubuhi baridi. Upepo wa bondeni, vumbi mpaka ndani ya taipureta.

Anastazia amefukuzwa! Mpishi wetu wa uji hapa mgodini, mjane, mtu asiyegombana hata na moshi. Bwana Meneja anasema alitoroka kazini siku mbili. Hakutoroka. Alikwenda Iguguno kumwuguza dada yake, na nyapara wake, Mughwai, alimpa ruhusa kwa mdomo pale jikoni. Hakuna mwingine aliyesikia. Nyumba anayokaa na binti zake wawili ni ya mgodi. Kazi ikienda, nyumba nayo inakwenda.

Sheria naijua, maana barua zote za ofisi nachapa mimi. Mwenye ruhusa si mtoro, wala hafukuzwi bila notisi. Afisa wa Kazi atakuja Alhamisi ya wiki ijayo kusikiliza shauri. Yote yamo kinywani mwa Mughwai.

Simeoni, karani wa stoo na katibu wa wafanyakazi, kasema tumwombe tu Mughwai aseme kweli. Basi! Huo ndio mpango wa katibu. Nikamwuliza ni nyapara gani atamgeuka Meneja kwa kuombwa tu. Akajibu, Dada Felista, ile sekondari ungeiacha mapema kidogo ungebaki na akili. Stoo nzima ikacheka.

Nitamwonyesha.

Jumatano, 7 Agosti. Upepo umetulia.

Nimepata! Mughwai hana mke. Kila asubuhi hupita jikoni kuomba moto wa sigara, naye havuti sigara. Anamfuata Marietha, binti mkubwa wa Anastazia. Na nani atamwacha mama wa mchumba wake afukuzwe?

Nimemdokeza Mughwai kwamba akipeleka posa hatakataliwa. Kofia ikamdondoka. Marietha nilipomgusia, akauliza kama ni yule wa sigara, akacheka hadi akamwaga maji ya ndoo. Nimeandika kuwa amekubali.

Si posa yenyewe ninayotaka. Maneno tu, mpaka shauri liishe.

Jumamosi, 10 Agosti. Ukungu kidogo, kisha jua.

Wajomba wa Mughwai wamefika kutoka Kinyangiri na jembe na mbuzi! Sikuwaita mimi. Kabla ya adhuhuri jembe limepokelewa, vigelele vimepigwa, Mughwai ni mkwe. Anastazia kanishika mikono yote miwili, kaniita mwanangu, kasema hajui atanishukuru vipi. Nilijiona mrefu.

Simeoni kaja, kala nyama, kisha kaniuliza polepole kama jambo la mkwe nimelifikiria vizuri. Wivu! Najua mkwe hali mbele ya mama mkwe, mimi si mgeni hapa. Ofisini hapaliwi chakula.

Jumatatu, 12 Agosti. Baridi.

Mughwai amekutana na Anastazia kwenye njia ya kisimani. Akarukia ua wa minyaa, maana mkwe hatazamani na mama mkwe. Utomvu umemwingia jichoni, jicho limevimba kama yai. Nina wasiwasi kidogo. Kidogo tu.

Alhamisi, 15 Agosti. Jua kali tangu mapema.

Sitaki kuandika, lakini nitaandika.

Afisa mezani, Meneja pembeni yake, mkalimani Yohana katikati, mimi kwenye taipureta. Anastazia kaketi karibu na mlango katika khanga yake mpya, kwa sababu mlalamikaji lazima asikie kila neno. Mughwai akaitwa. Akaingia kinyumenyume. Kinyumenyume! Akasimama akiitazama ramani ya mgodi ukutani. Afisa akamwamuru ageuke. Hakugeuka. Akaulizwa kuhusu ruhusa. Akaiambia ramani kwamba ruhusa aliitoa yeye mwenyewe, siku mbili. Alimpa nani? Akaisogelea zaidi ramani. Amtaje. Jasho likamtiririka shingoni. Nikamnong'oneza ataje jina mara moja tu. Akanijibu kwa sauti, wote wakasikia: dada yangu, leo unataka nimtaje mama mkwe?

Yohana, mtu mwaminifu, akatafsiri.

Meneja akaruka kama aliyeumwa na siafu. Mkwe tangu lini? Tangu Jumamosi. Akacheka mpaka akavua miwani, akasema shahidi huyu kahongwa mke. Afisa hakucheka. Akasema mtu aliyejiunga na ukoo wa mlalamikaji katikati ya shauri, na asiyeweza hata kumtaja, ushahidi wake hauna uzito. Shauri limetupwa.

Uamuzi nimeuchapa mimi. Anastazia alikaa pale pale akinisubiri nimalize, kana kwamba huenda mwishoni kungetokea jambo jingine.

Nje Mughwai hakunilaumu. Alisema tu kwamba tangu siku ile ya kwanza alikwisha kumwahidi Simeoni kusema kweli, Meneja apende asipende. Simeoni alikuwa amesimama hapo. Hakunitania. Heri angenitania.

Jumamosi, 17 Agosti. Mawingu, mvua hakuna.

Anastazia ameondoka na lori la Iguguno, yeye na masufuria yake na Selina, binti mdogo. Marietha amebaki kwa shangazi hadi harusi. Mizigo yote kaipakia Mughwai, akijificha upande wa pili wa lori. Niliomba radhi. Anastazia akasema, mwanangu, moyo wako ni mzuri, lakini siku nyingine ukinionea huruma, niombee tu kanisani. Nimelia hadi nyumbani. Nikaapa sitaingilia tena jambo la mtu.

Jioni Simeoni kaniambia amekata rufaa. Afisa atarudi mwezi ujao, na mkalimani wake yule yule. Nimemsihi safari hii aende taratibu, bila ujanja. Kakubali, kanitazama sana.

Lakini huyu Yohana hana mke. Nimeuliza. Na Selina ni msichana mzuri, tena ametulia. Mkalimani si shahidi! Hatakiwi kumtaja mtu, kazi yake ni kupamba kidogo tu maneno ya wengine. Jumatatu kuna lori la Iguguno.

Sasa nalala, saa nane na robo usiku.