Mteja Asiyeridhika Haruhusiwi Kutoka

Napenda kuutangazia umma wa mji wa Morogoro na vitongoji vyake kwamba, kuanzia tarehe mosi ya mwezi huu, hakuna mteja atakayeruhusiwa kutoka ndani ya supamaketi akiwa hajaridhika.

Agizo hili limetolewa na Kitengo cha Kuridhika kwa Wateja, ambacho mimi, Gervas, ndiye Afisa Mwandamizi wake na, mpaka bajeti itakaporuhusu, ndiye mtumishi wake pekee. Utaratibu ni mwepesi mno. Keshia akishatoa risiti hamkabidhi mteja hapo hapo. Anasimama wima, anasoma Tamko la Kuridhika lenye maneno arobaini na moja, kisha mteja anaweka tiki nyuma ya risiti kwenye kimoja kati ya visanduku viwili: "Nimeridhika" au "Nimeridhika Sana". Kisanduku cha tatu tulikiondoa ili kubana matumizi ya wino. Asiyetaka kuweka tiki anasubiri pembeni, kwenye magunia ya viazi, mpaka aridhike.

Tulianza kwa majaribio katika supamaketi ya Bi Usha, pale Mwembesongo. Siku ya kwanza walisimama kwenye viazi watu kumi na mmoja, akiwemo mama mmoja mwenye paketi mbili za samaki wa barafu. Kufikia saa nane mchana barafu ilikuwa imeyeyuka yote, na watu wote kumi na mmoja walikuwa wameridhika sana. Nilipiga picha kwa ajili ya ripoti.

Changamoto ilijitokeza kaunta namba mbili. Hapo hukaa Bernadeta, binti wa Mgeta, ambaye tangu mama yake afariki anawasomesha wadogo zake wawili kwa kazi hiyo hiyo. Siku ya tatu nilikuwa nimejibanza nyuma ya rafu ya sabuni, kikazi, alipofika mzee mmoja aitwaye Mikidadi, mstaafu wa reli. Alikuwa na mkate na nusu kilo ya sukari. Nanukuu kutoka kwenye daftari langu.

"Shikamoo, mzee wangu," alisema Bernadeta.

"Marahaba."

"Hivi wewe Mnyamwezi bado unapumua? Sanda yako nimeshaibandika bei, iko rafu ya tatu. Unanijazia nafasi tu."

"Nakungoja utangulie wewe, tenga la kabichi lililoporomoka mlimani! Siku yako nitaingia kaburini nilale chali, na sitoki mpaka wajomba zako wanipe mbuzi."

"Utapewa mkia."

Foleni nzima ilicheka. Mzee aliweka tiki "Nimeridhika Sana" bila kusomewa hata neno moja la Tamko, akaondoka anapiga mluzi.

Mimi damu ilinichemka. Nilitoka nyuma ya sabuni, nikamweleza binti yule kwamba amemtishia mteja kifo, amempangia bei ya mazishi na ameruka maneno arobaini na moja ya serikali.

"Jamani mjomba, yule ni mtani wangu," alisema. "Mimi Mluguru, yeye Mnyamwezi. Ndivyo tunavyosalimiana."

Nilifungua Mwongozo, kurasa sitini na nne. Neno utani halimo. Nikamwandikia barua ya kusimamishwa, na nikapendekeza asiguse tena kaunta yoyote ya mji huu maisha yake yote. Niliacha nafasi ya mhuri, kwani mhuri hugongwa baada ya kikao. Bernadeta aliisoma barua mara mbili, akavua aproni, akaikunja vizuri. Aliuliza jambo moja tu, kama ada ya muhula ya wadogo zake inaweza kungoja kikao. Nilimjibu kuwa suala hilo lipo nje ya hadidu zangu za rejea.

Kikao kilifanyika siku iliyofuata kwenye stoo ya Bi Usha, katikati ya maboksi ya mafuta ya kupikia. Mkuu wangu wa idara, Bwana Ezekiel, alikalia boksi kama mwenyekiti. Mzee Mikidadi aliitwa kama mhanga.

"Mzee, uliumizwa kiasi gani?" nilimuuliza. "Kidogo, wastani, au sana?"

"Nimeumizwa leo asubuhi," alijibu. "Nimekuta pale kijana mwingine, kasimama kama askari, ananisomea likaratasi lirefu. Nikajua nimeshtakiwa. Sukari nimeiacha hapo hapo."

Nilimkumbusha ajibu kuhusu sanda.

"Sikiliza, bwana mkubwa. Mama wa huyu binti alipofariki, nilipanda Mgeta kwenye mvua na goti langu hili bovu. Mtani haachi kwenda. Nilikuta watoto watatu wamekauka, hawalii wala hawali. Nikavaa khanga ya marehemu, nikaanza kutembea kama yeye, nikawagombeza kwa sauti yake kwamba sufuria hazijaoshwa. Huyu hapa akacheka, halafu akalia, halafu akala. Sasa wewe unataka aniambie karibu tena mteja wetu mpendwa?"

Bi Usha alijifuta macho na ncha ya sari. Mimi niliandika "shahidi anatoka nje ya mada" na kuvuta mhuri karibu na barua.

"Kwenu wapi?" Mzee aliniuliza ghafla.

"Swali hilo halimo kwenye ajenda."

"Mjibu mzee," alisema Bwana Ezekiel.

"Kinole."

"Kinole hii ya hapa juu? Mluguru?"

"Kwa kuzaliwa tu," nilisema.

Mzee Mikidadi alinyoosha mkono, akachukua mhuri wa Kitengo, akautumbukiza mfukoni mwa kanzu yake. "Basi nimechukua. Mtani akichukua hashtakiwi. Kakomboe."

Nilimgeukia mwenyekiti nikidai ulinzi wa mali ya umma. Bwana Ezekiel alikuwa anacheka mpaka boksi limebonyea. Yeye ni Msukuma wa Magu, na nao ni watani zetu.

"Gervas, hapo hata mimi sina mamlaka," alisema. "Ungekuwa mwanamume ungelinda mhuri wako."

Barua nilimkabidhi Bi Usha hivyo hivyo, bila mhuri. Aliigeuza huku na huku. "Barua zangu nne umenirudishia kwa sababu hii hii," alisema. "Mimi nafuata utaratibu, baba. Bernadeta, rudi kaunta."

Ningeliacha jambo hilo lipite, ila Ijumaa ile ndiyo ilikuwa mwisho wa kutuma Ripoti ya Mafanikio makao makuu Dodoma, kabla ya saa tisa na nusu alasiri, ikiwa na mhuri. Kwa ripoti hiyo ningepandishwa cheo na kupewa msaidizi na kiti cha kuzunguka. Saa nane nilikwenda nyumbani kwa Mzee Mikidadi na kilo mbili za sukari za ukombozi. Mkewe aliniambia mhuri umewekwa kwa Bernadeta, maana wajukuu walishaanza kugonga ukutani.

Nilifika supamaketi nikapanga foleni. Mbele yangu walikuwa watu tisa. Mhuri niliuona kwa mbali, umekaa kando ya mashine ya risiti. Zamu yangu ilipofika, Bernadeta alisimama.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Naomba mhuri. Sukari ya kukombolea hii hapa."

"Mimi natunza tu, mjomba. Anayepokea ukombozi ni yule aliyechukua, na leo hayupo."

"Yuko wapi?"

"Yuko semina, Dumila."

"Semina ya nini?"

"Ya huduma kwa wateja. Bwana Ezekiel kamchukua na gari la ofisi, anawafundisha makeshia utani. Wanalipwa na posho."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika ishirini. Nasema wazi, nilitaka kulia mbele ya watu. Nilimwambia jambo hili ni la dharura, kwamba maisha yangu yote yako kwenye ripoti hii.

"Nakuelewa kabisa, mjomba," alisema Bernadeta, kwa upole ambao Mwongozo wangu haujawahi kuufikia. "Njoo Jumatatu."

Mama mwenye ndoo ya mafuta alinigusa bega, akaniomba nisogee kidogo kwenye viazi, maana nilikuwa nimeziba foleni.