Kuhusu Leseni ya Verediana na Wazee Tisa wa Njia ya Kalenga

Kalenga,
Jumamosi, 16 Agosti 1975

Ndugu Mtahini Isakwisa,

Natumaini ulirudi Mbeya salama, na kwamba wote wa nyumbani kwako ni wazima. Naanza kwa salamu makusudi, kama utakavyoona.

Mimi ni babu yake Verediana, binti wa miaka kumi na tisa uliyemtahini udereva juzi Alhamisi kwa gari la zahanati yetu, kisha ukamwangusha. Nilifundisha shule kwa miaka thelathini na mmoja, na katika muda huo niliangusha watoto wengi. Kwa hiyo sipingi kuangusha. Napinga sababu.

Alirudi nyuma kati ya mapipa yako bila kugusa hata moja. Aliondoka mlimani na gari halikuserereka. Ndipo ukamwambia aendeshe kutoka Mlandege hadi Kalenga, na katika njia hiyo alisimama mara tisa kuwasalimia wazee. Kwenye karatasi yake uliandika hivi: "Gari analijua. Barabara haijui." Sentensi zote mbili hazina kosa la lugha, nami nakushukuru kwa hilo, maana siku hizi ni nadra. Kosa lililomo ni la haki.

1. Kwetu kijana hampiti mzee kimya. Husimama, husema "Kamwene", kisha hungoja kuulizwa habari za nyumbani, naye huuliza. Kwenu Unyakyusa mnajua haya kuliko sisi, maana nimewahi kusalimiwa huko hadi chai ikapoa. Nimeisoma sheria ya barabarani yote, kwa miwani mipya, na sikuona mahali panaposema kwamba mtu akipata magurudumu manne anasamehewa malezi yake.

2. Ulilalamika kwamba alikaa robo saa na Mzee Nkuba, mfugaji kutoka Usukuma, aliyekuwa akiswaga ng'ombe kuelekea Usangu. Ni kweli. Lakini mfugaji aliye safarini huulizwa hali ya mifugo yake, na ng'ombe walikuwa arobaini. Ulitaka aulize habari za mmoja, na wale thelathini na tisa wajionee wenyewe? Tena ni Mzee Nkuba aliyemwambia kwamba daraja la mbele limeng'oka ubao. Habari za ubao hukuziandika popote, ingawa nawe ulivuka daraja lile ukiwa hai.

3. Ulimshauri: "Piga honi, punga mkono, pita." Ndugu Mtahini, honi hupigiwa mbuzi. Mzee wa sita alikuwa Bibi Rozalia, mkunga, ambaye mikono yake imewapokea watu wengi wa tarafa hii, pamoja na Verediana mwenyewe. Je, mtu akupokee duniani, nawe umlipe kwa honi?

4. Ili nisionekane mshamba, nilichunguza mambo ya nchi nyingine. Mwanafunzi wangu wa zamani, Liberatus, anasoma Ujerumani, na ameniandikia kurasa nne. Huko kijana hungoja miaka kumi na minane, husoma chuo cha udereva, na mwalimu huketi kando yake akiwa na breki yake mwenyewe. Breki mbili katika gari moja! Uingereza, anasema, huanza na miaka kumi na saba, na mwanagenzi hubandika herufi nyekundu kwenye gari ili watu wamkimbie mapema. Amerika, katika majimbo mengi, hata mtoto wa miaka kumi na sita huendesha peke yake, umri ambao hapa kwetu hatumwachii kijana jembe jipya. Kila nchi ina maswali yake, ya alama, ya mwendo, ya taa. Swali juu ya kumsalimia mzee hakuliona hata moja. Liberatus huyo huyo ananiambia kwamba amekaa miezi saba katika nyumba ya ghorofa bila kumjua jina jirani wa juu yake. Sishangai. Wote wana leseni.

5. Mzee wa tisa ndiye aliyeharibu kila kitu. Baada ya mzee wa nane ulimwonya Verediana kwa maneno haya: "Binti, mzee mmoja zaidi, basi." Mzee mmoja zaidi akatokea, amevaa koti jeusi, ana fimbo. Gari likasimama, nawe ukafunga kalamu. Kwa maelezo niliyopata, ni mzee aliyenyooka mgongo, mwenye heshima zake, na asiye wa kupitwa ovyo.

Labda hujui kilichopotea siku ile. Eliezeri, dereva wa zahanati, macho yake yamekwisha. Siku hizi husimama kwenye makutano akiuliza abiria kama kuna kitu kinakuja. Verediana amejifunza kwake miaka miwili, huku akiosha gari hilo na kulibadilishia matairi. Sista msimamizi amesema: mwisho wa mwezi huu awe na leseni, la sivyo ataajiriwa mwanamume kutoka mjini. Wewe utarudi huku Alhamisi ya tarehe 28, mara moja tu kabla ya mwezi kwisha. Hakuna siku nyingine.

Kwa hiyo naomba mambo machache. Matokeo yake yafutwe. Salamu ziwe somo la mtihani, nazo zitolewe injini ikiwa imezimwa, kwani kusalimia injini ikinguruma ni sawa na kusalimia ukiwa na ugali mdomoni. Madereva wote wenye leseni kati ya Iringa na Mbeya waitwe upya, na atakayekutwa alimpita mzee bila kusimama arudishe leseni yake, wakiwamo madereva wa magari ya wagonjwa, wa polisi na wa serikali. Mwisho, serikali yetu iziandikie kwa upole nchi nilizozitaja, zirekebishe mitihani yao. Niko tayari kuandaa maswali bila malipo.

Nisalimie wazazi wako, mkeo, watoto, jirani wa kulia na wa kushoto, na yule karani wako mwenye mwandiko mzuri. Eliezeri anakusalimu, ingawa anasema hakukuona vizuri.

Ni mimi, kwa uthabiti na bila kinyongo,

Ambrosi Didas
Mwalimu Mstaafu

Tanbihi. Barua hii nimeiandika kwa wino na karatasi safi sina tena, kwa hiyo naongeza hapa jambo ambalo lingepaswa kuwa juu. Mzee wa tisa ni mimi. Nilikuwa nimesimama pale tangu saa mbili asubuhi, nimevaa koti langu la kanisani, nione jinsi mjukuu wangu anavyosalimia. Onyo lako alilitii: alipunguza mwendo, akainua mkono kwa adabu, akataka kupita. Ni mimi niliyeingia katikati ya barabara na kuinua fimbo. Leo nimemuuliza kwa nini hakukueleza kwamba yule ni babu yake. Amenijibu, "Babu, ningekushtakije kwa mgeni?" kisha akaenda kuosha gari.

Basi futa malalamiko yote, isipokuwa lile la honi. Tarehe 28 nitakuwa shambani, bila koti na bila fimbo, juu ya kichuguu ambapo barabara inaonekana yote. Akinipita bila kusimama, nitajua amefaulu.