Okestra Sita na Hakuna Hata Moja Iliyoshindwa

Masunga Lubinza,
Manju wa Ngoma ya Wagalu,
Sitalike, karibu na daraja.
Jumatano.

Kwa Ndugu Meneja,
Ukumbi wa Muziki,
Kashaulili, Mpanda.

YAH: KUFUNGIWA KWANGU KUINGIA UKUMBINI, PAMOJA NA MAKOSA YENU MENGINE

Ndugu Meneja,

Kichwa cha barua nimekiandika kwa herufi kubwa ili usije ukasema hukukiona. Mimi ni mzima, Theopista mke wangu ni mzima, ng'ombe nao wazima isipokuwa mmoja ambaye ana kiburi tu. Natumaini na wewe u mzima, maana malalamiko haya yanataka mtu mwenye afya.

Nijitambulishe, ingawa kujitambulisha kwa mtu anayeishi Katavi ni kupoteza wino. Mimi ni manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, mwaka wa kumi na tisa huu. Sisi Wasukuma, tangu wazee wetu hawajahamia huku na mifugo yao, tuna vyama viwili vya ngoma: Wagalu, ambao ndio sisi, na Wagika, ambao ndio wale. Mavuno yakiisha, vyama vyote viwili vinaingia uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na vyote vinapiga. Watu wanasimama pale panapowavutia. Anayebaki na watu ameshinda. Anayebaki na ngoma yake na mbuzi wawili ameshindwa, anakwenda nyumbani kulala mapema. Hakuna refa, hakuna rufaa.

Mwaka ule wa mvua nyingi nilimvua Ngolo, manju wa Wagika, watu wake wote. Walihama watazamaji, wakahama wauza karanga, akahama mwenyekiti wa kijiji ambaye ni Mgika wa kuzaliwa, na mama mkwe wa Ngolo akahama na kigoda chake. Ilipofika saa tisa alasiri viboko walitoka kwenye tope la mto Katuma wakasimama mistari miwili, wakubwa nyuma ili wadogo waone. Askari mmoja wa wanyamapori akanifuata, akavua kofia, akaniomba nipunguze. Nikapunguza. Viboko wakaondoka bila kukanyaga mtu. Sijisifu, Ndugu Meneja. Nataka tu ujue ni nani uliyemfungia.

Maana mwaka huu, katika msimu wetu wa ngoma, nyie mmeleta okestra za kimataifa, moja kila Jumamosi: Wafini, Wakorea, Wareno, Waholanzi, Waajentina, na Jumamosi hii Wajapani wanafunga. Mlinialika kwa kadi, nikaja. Jumamosi ya tatu mkanitoa nje, na barua yenu inasema nisionekane hapo mpaka msimu uishe. Sasa wazee wa Wagalu wamekaa, wamesema ama nisafishe jina langu kabla ya Jumapili, ama goma kubwa apewe Elias. Elias, Ndugu Meneja, ni kijana wa chama chetu ambaye mpaka leo anapiga goma kama mtu anayefukuza kuku kwenye mtama. Kwa hiyo utaona kwamba sina muda, na makosa yenu nayahesabu haraka haraka:

1. Mnaleta wageni mmoja mmoja, kama watu waliopanga foleni ya zahanati. Wafini wakapiga peke yao, wakashangiliwa, wakaenda kulala. Wakorea hivyo hivyo. Nilimwuliza Vestina, yule binti wa Katumba anayekagua tiketi mlangoni, nani anaongoza mpaka sasa. Akaniambia, "Mzee, hakuna anayeongoza, wote wazuri." Wote wazuri! Mfini wa watu amesafiri siku mbili kutoka kwenye barafu, amepiga mpaka shati limelowa, na amerudi kwao hajui kama ameshinda au ameshindwa. Mke wake atamwuliza, vipi huko Mpanda? Atajibu nini? Mmewahi kumfikiria huyo mke?

2. Viti mmevifunga kwa bolti sakafuni, na juu yake mkaviandika namba. Mimi nilikuwa F 14. Sasa mtu aliyechoshwa na fidla za kushoto atahamiaje kwenye matarumbeta ya kulia? Nilijaribu. Nilipofika goti la nne, bwana mmoja mwenye tai akaninong'oneza, "Mzee wangu, unakwenda wapi, wimbo haujaisha." Nikamjibu kwa sauti ya kawaida kwamba kwangu mimi umeisha. Watu ishirini wakanigeukia wakisema "shhh," kama wanaswaga mbuzi.

3. Namba tatu ilihusu yule mama anayepiga kinubi, na mimi kumpungia mkono. Theopista ameisoma, ameifuta. Tuendelee.

4. Kiongozi wao anawapa watu mgongo saa mbili nzima. Mimi nikiwapa watu mgongo pale Sitalike, nikigeuka nakuta vumbi. Halafu kile kijiti. Sisemi kina dawa. Mimi mwenyewe ninao mkia wa nyumbu ambao sipendi kuuzungumzia. Nasema tu kwamba jembe langu lilikaguliwa mlangoni mbele na nyuma, na kijiti kile kilipita kama mtoto wa chifu.

5. Sasa naja kwenye hiyo Jumamosi ya tatu, siku ya Wareno. Ni kweli nilikuja na wachezaji ishirini na wawili na majembe yao, kwa kuwa ngoma yetu inachezwa na majembe. Ni kweli pia kwamba Lyamba, mpigaji wangu, alikuwa na goma kubwa ndani ya shuka, na kwamba tulimwambia Vestina ni mgonjwa. Lakini tulikaa kimya kuliko hata wale wenye tai. Sehemu ya kwanza Wareno walipiga, nakubali, pumzi walikuwa nazo. Sehemu ya pili wakaanza kuisha. Fidla zikashuka, zikashuka tena, mpaka akabaki mtu mmoja na filimbi, naye anapuliza kama anayepoza uji wa mtoto. Ukumbi mzima kimya. Ndugu Meneja, kwenye uwanja wowote unaoujua, mwenzako akifika hapo amekwisha, na utu unakutaka umpokee kabla hajaaibika mbele ya watu. Nikampa Lyamba ishara. Lyamba akaweka pigo.

Yule kiongozi akageuka! Naomba hilo liandikwe kwenye vitabu vyenu: kati ya okestra tano, ni mimi peke yangu niliyemgeuza mwenye kijiti. Mpuliza filimbi akasimama wima. Mtu wa vile visahani vya kugonganisha, aliyekuwa amekaa dakika arobaini bila kazi yoyote kama mgeni wa arusi, akadakia na kwenda na sisi mapigo manne, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyefunguliwa. Mapigo manne tu, Vestina akawa ameshanishika mkono wa koti. "Mzee, toka! Hapa hatushindani, tunasikiliza!" Nikamwuliza, binti yangu, ni nani umewahi kusikia ameshinda kwa kusikiliza? Akazidi kuvuta. Mkono wa koti ukabaki kwake, mimi nikabaki barabarani.

6. Na hapa ndipo penye kidonda. Ngolo hakuwepo siku hiyo, lakini Jumatatu alikuwa ameshapata wimbo. Unasema, "Masunga dume la Sitalike, katolewa na msichana, mkono wa koti kauacha." Una mdundo mzuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Wanauimba mashineni wakikoboa mpunga. Kwaya ya kanisani kwetu wanauimba wakidhani nimeshapita. Jana nimemkuta Theopista anatwanga kisamvu, na mchi unakwenda kwa mdundo huo huo. Nilipomtazama akasema ni kisamvu ndicho kigumu.

Kwa hayo machache naleta maombi, na naomba uyasome ukiwa umekaa.

Kwanza unifungulie kabla ya Jumamosi. Hilo halihitaji maelezo.

La pili, Wajapani wasipige peke yao. Kwa kuwa wale watano mmewaacha wakaondoka, na hakuna wa kupambana nao, Wagalu tunajitolea bila kinyongo. Wao jukwaani, sisi mlangoni, tunaanza pamoja, anayechoka amechoka. Ili jambo hilo liwezekane itabidi viti vifunguliwe, na usihangaike kutafuta fundi, spana ninayo. Halafu ule ukuta wa upande wa sokoni utolewe, kwa muda tu, ili na soko lichague kwa miguu yake. Nimeupima kwa macho. Ni wa tofali za kuchoma, utatoka.

Linabaki suala la waamuzi, maana hapo mjini kuna hila. Watu wa mjini watabaki upande wa Wajapani kwa sababu ya feni. Kwa hiyo nitaleta ng'ombe kumi na mmoja, idadi ambayo haigawanyiki sawa kwa sawa. Ng'ombe hana chama, hasomi gazeti, huwezi kumhonga soda. Akipenda sauti anaifuata, asipoipenda anakula majani. Wapo tayari hapo mjini, nyumbani kwa rafiki yangu Sixte, wanapumzisha miguu. Watakaa mistari miwili ya mbele, na kwa upande wao bolti hazitawasumbua kwa sababu hawakai kwenye viti.

Ukikataa, nitaelewa kwamba Wajapani wanaogopa, nami nitawaeleza wananchi hivyo kwa upole, kwa kipaza sauti.

Nisalimie Vestina, mwambie Theopista anaomba ule mkono wa koti aushone. Nisalimie mlinzi, wafagiaji, na mtu wa visahani kama mna anwani yake huko Ureno. Wasalimie Wajapani, waambie wale washibe, wasije wakasingizia njaa. Theopista anakusalimu sana, ingawa anasema barua hii nisiitume.

Ni mimi niliyeonewa lakini sijanyamaza,

Masunga Lubinza
(Nimeandika mwenyewe, sikuandikiwa.)

Tanbihi. Leo ni Ijumaa. Barua hii nilikuwa naileta kwa mkono wangu jana alasiri, nikapita nyuma ya ukumbi na wale waamuzi kumi na mmoja ili wayazoee mazingira. Wachezaji wangu na Lyamba walikuwa pamoja nami. Nikakuta Wajapani wako kwenye mazoezi, madirisha wazi kwa ajili ya joto. Nikasema hii ni bahati, tufanye jaribio. Ng'ombe nikawaweka katikati, sisi tukakaa upande wa maegesho, tukaanza. Ndugu Meneja, nilipiga. Mishipa ya shingo Lyamba aliiona.

Aliyetangulia kwenda dirishani ni ndama niliyemlea kwa chupa. Wakafuata kumi, wakalala chini wote, wakafumba macho. Kisha wachezaji wangu wakaanza kupungua, mmoja mmoja, na majembe yao begani. Lyamba akaniambia, "Manju, ngoja nikawarudishe." Hakurudi. Nikaliweka goma chini nikaenda kuwarudisha mwenyewe, na nikasimama pale dirishani mpaka Wajapani walipofunga masanduku yao. Kuna mahali walishuka, wakashuka, akabaki mwanamke mmoja na fidla yake, sauti nyembamba kama uzi. Kama mtu angegusa goma wakati ule, ningempiga mimi mwenyewe.

Niligeuka kumtafuta Lyamba, nikamwona Ngolo. Amekaa juu ya ndoo, macho mekundu, na chini ya miguu yake maganda ya karanga mengi mno kwa siku moja. Nikamwuliza anafanya nini pale. Akasema amefuata chumvi sokoni. Nikamwambia soko liko upande wa pili. Akanitazama, akaniuliza na mimi nimefuata nini. Tukakubaliana kwamba yeye hakuniona na mimi sikumwona. Wachezaji wangu hawatasema neno, maana wao ndio waliohama kwanza.

Asubuhi hii wazee wamenipigia simu. Jana jioni Ngolo aliombwa aimbe ule wimbo wake, akasema koo linamwuma, na hata kikohozi hakukitoa. Wazee wanaona wimbo umekufa, jina langu limesafika, na goma linabaki kwangu. Elias arudi kwenye kuku wake.

Kwa hiyo malalamiko yote na maombi yote yafute. Ukuta uache ulivyo. Naomba tu unifungulie, na kwa Jumamosi uniwekee viti viwili, kimoja changu na kingine cha Ngolo, kwa kuwa kadi hakupewa na ameniomba nimsemee. Viwe mbali mbali. Na ili watu wasituone tukiingia pamoja, mmoja wetu apitie mlango wa nyuma. Huyo awe yeye.