Kurasa Arobaini

Silvano alikuwa Mombo, hindi la kuchoma mkononi, anasubiri gari la kupanda Lushoto, aliposikia neno lililobadili maisha yake. Neno lenyewe lilikuwa jipiei, yaani wastani wa alama za chuo.

Wazee wawili walikuwa kwenye benchi wakilalamika. Mmoja wao, Mzee Anord wa Mlola, alikuwa na binti anayesoma sheria chuo kikuu, na bila kufanya fildi kwenye ofisi ya mawakili binti hamalizi. Ameomba ofisi kumi na moja. Zote zimejibu lugha moja: tunapokea kuanzia tatu nukta tano, wewe una mbili nukta sita.

"Hiyo nukta ndiyo inayomuua mwanangu," alisema mzee.

Silvano hakuwahi kukanyaga chuo chochote, isipokuwa kimoja alichowauzia wanafunzi magodoro yasiyo yake. Lakini uchungu wa mzazi aliujua vizuri, maana ndio uliomlisha miaka yote. Akamaliza hindi, akajifuta mdomo, akasogea.

"Shikamooni wazee wangu. Samahani kwa kudakia mazungumzo. Mimi nimefanya kazi na mawakili kwa miaka mingi."

Hakudanganya. Alifanya nao kazi mara tatu, mara zote akiwa kizimbani.

Wiki haikuisha, akawa amepanga chumba juu ya duka la pembejeo mjini Lushoto. Kompyuta moja, printa moja, suti moja, na kibao: SILVANO NA WENZAKE, MAWAKILI. Hao wenzake hakuna aliyewahi kuwaona; walikuwa mahakamani Tanga kila siku ya Mungu. Kulikuwa na mhuri wa duara wenye ukubwa wa kufunikia kikombe. Huduma iliitwa kuosha matokeo, na bei yake ilikuwa desimali moja, mbuzi mmoja. Silvano hakutaka pesa za simu kwa sababu zinaacha nyayo. Kwamba mbuzi naye ana nyayo, tena nne, hilo halikumjia.

"Kutoka mbili nukta sita mpaka tatu na nusu ni mbuzi tisa, mzee wangu."

Mzee Anord alihesabu vidole, kisha akahesabu zizi lake kichwani. "Mfikishe tatu kamili, baba. Mbuzi wangu wataisha."

"Tatu kamili, wanne. Lakini ofisi kubwa usizitegemee."

"Hata ndogo. Mradi amalize."

Hapo kitu kilimchoma Silvano kifuani. Akakiteremsha kwa chai ya maziwa.

Binti alikuja kesho yake kuchukua matokeo yake mapya. Aliitwa Loveness, mpole, viatu vimejaa vumbi la Mlola. Aliitazama ile tatu kamili muda mrefu. Kisha akatazama leseni iliyoning'inizwa ukutani, iliyoandikwa LESENI YA UWAKIRI. Akaisoma mara mbili.

"Mheshimiwa," alisema taratibu, "barua za Dar zitachelewa. Kwa nini nisifanye fildi hapahapa kwako? Wiki nane tu. Nitapiga chapa, nitapokea wateja. Wewe utakuwa msimamizi wangu."

Msimamizi! Wapo wanaolewa gongo, na wapo wanaolewa vyeo. Silvano alianza kuyumba akiwa amekaa.

"Ila chuo kina sharti. Kuna hili daftari la fildi, logibuku. Kila jioni naandika tulichofanya, wewe unasaini na kugonga mhuri."

Daftari lilikuwa la Kiingereza, tena Kiingereza cha sheria. Cha Silvano kiliishia kwenye gudi moning. Lakini wakili asiyejua Kiingereza amewahi kuonekana wapi? Basi kila jioni alivaa miwani, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akakunja uso.

"Hapa umeandika kwa hisia. Koma zimekaa mahali pake. Ila punguza herufi kubwa."

"Nimepokea, msimamizi."

Na mhuri ukashuka: pu!

Wazazi wakamiminika, na mbuzi nyuma ya duka wakaongezeka hadi mwenye pembejeo akalalamikia miche yake ya kabichi. Loveness aliandika jina la kila mzazi, akatoa nakala ya kila matokeo kabla ya kuoshwa na baada ya kuoshwa. Silvano akawa anamsifia kwa wateja: kijana anajituma huyu, faili zake hazina mfano.

Ijumaa ya mwisho alikuja mama wa makamo, baibui safi, na nyuma yake mwanamume mwenye koti aliyedhaniwa dereva.

"Mgeni wa kukagua fildi," alisema Loveness.

Silvano akaagiza chai na maandazi. Mama hakuvigusa. Alifungua logibuku.

"Nitatafsiri, twende sawa. 'Siku ya kwanza. Msimamizi wangu, ambaye si wakili, amenieleza alivyopokea mbuzi wanne kwa baba yangu na kunitengenezea matokeo ya uongo. Nakala nimeambatisha.' Hii sahihi ni yako?"

"Imeghushiwa hiyo, mama."

"Na mhuri?"

"Hata mhuri."

Mama akafunua mbele. "'Siku ya kumi na saba. Msimamizi ametangaza mbele ya wateja watano kwamba mhuri wake hakuna binadamu anayeweza kuughushi.' Na hapa umesaini."

"Ziko kurasa ngapi?" aliuliza Silvano kwa sauti ndogo.

"Wiki nane, siku tano kila wiki. Piga hesabu."

Akapiga. Alipofika arobaini, akakaa. Hesabu hiyo wahenga walishaimaliza zamani, tena bila logibuku.

"Mimi ni Wakili Mwanahamisi," alisema mama. "Huyu binti nilimkataa kwa mbili nukta sita yake, barua hata sikuimaliza. Jioni ya kwanza alipotoka hapa kwako akaniletea ukurasa huu. Nikaona haya. Fildi yake inahesabika ofisini kwangu, hapahapa mjini; kwako nilimwacha akusanye ushahidi."

Mwenye koti naye akajitaja: Koplo Hassani. Akatoa pingu, akafunga mkono wa kushoto wa Silvano.

Huko chini wazazi walikwishafika, na Mzee Anord alisikika akiwaita mbuzi wake kwa Kishambaa, mmoja mmoja.

"Umebaki ukurasa wa tathmini," alisema Mwanahamisi. "Za kwangu nitaweka. Lakini uliyekaa naye siku zote ni wewe. Jaza alama, kati ya mia."

Silvano akashika kalamu kwa mkono uliobaki huru. Loveness alikuwa ameikazia macho kalamu ile, kana kwamba chuo kizima kimekaa kwenye ncha yake. Hakuna aliyeahidi mbuzi. Silvano aliwaza, akaona ukweli ni kwamba hajawahi kuwa na mfanyakazi hodari kama huyu. Akaandika tisini na nane, akasaini.

"Kwa nini si mia?" aliuliza Loveness.

"Mia, binti yangu," alisema Silvano, akimnyooshea koplo mkono wa pili, "wangejua imeghushiwa."