Rejeta ya Marehemu Leland

Floyd Pickering aliingia Agua Poca gari lake likipiga mluzi kama birika, akaegesha, akavua kofia na kuomba maji kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Lilikuwa gari-nyumba la zamani, lenye kitanda, sinki, mapazia ya maua, na rejeta iliyovuja kila mahali isipokuwa palipobandikwa nembo ya kiwanda. Mbele yake ulisimama mlima wa Nyumbu, na juu ya mlima kulikuwa na misonobari na baridi. Nyuma yake, bondeni, kulikuwa na kambi ya wastaafu aliowauzia siri ya kupoza magari yao: kupaka paa mtindi. Mwanzoni mapaa yalipoa kweli. Kisha tumbusi wakashuka, na mpaka leo hawajaona sababu ya kuondoka. Wastaafu hao, tumbusi wakiwafuata kila walikokwenda, walikuwa wakimtafuta Floyd, na hawakuwa wamebeba maua.

Alihitaji rejeta nzima, basi, kabla tumbusi hawajaonekana angani.

Kambi ya Agua Poca imepangwa kama kiatu cha farasi, magari ubavu kwa ubavu, na mgeni wa mwisho hukaa pale mdomoni. Ndiyo desturi. Wenye akili zao huhamia kaskazini mara joto linapoanza. Wanaobaki Julai katika jangwa la Arizona ni wabishi, na kila mbishi ana njia yake ya kuzuia gari lisigeuke tanuri. Orville Stubbs, mkaguzi mstaafu wa mizani, alitundika shuka mbichi mbele ya feni na kuziita mfumo. Jirani yake alilala na miguu ndani ya beseni la barafu, akapata mafua, akayasifia. Kila alasiri walikaa kwenye viti vya kukunja chini ya turubai wakibishana nani kapoa zaidi, huku wote wakitiririka jasho.

Floyd alisikiliza kwa heshima. Macho yake yalikuwa kwa Verna Hatcher, mjane aliyewahi kupika shuleni. Gari la Verna lilikufa zamani, lilikuwa la aina moja na la Floyd, na puani mwa gari hilo iling'aa rejeta safi kama sahani ya arusi.

"Hiyo ni ya marehemu Leland," Verna alisema. "Aliitengeneza kwa mikono yake. Siuzi."

"Hata kwa mtu atakayekupoza, mama?"

Verna alimkagua jinsi mpishi anavyokagua kuku. "Jumamosi tuna chakula cha pamoja. Nikiweza kukaa ndani mpaka saa tano asubuhi bila kuyeyuka, ichukue, mwanangu."

Floyd akatoa foili. Ilikuwa foili ya kufungia nyama, ya dukani, lakini akaeleza kwa unyenyekevu kwamba ndiyo iliyowarudisha wanaanga wakiwa wabichi. Akalivika gari la Verna kuanzia paa hadi tairi. Jua lilipiga pale, likakataliwa, likahamia kwa Orville.

Orville alitoka na kaptura, akiuliza kwa nini jua la mama huyu linamwingilia chooni. Floyd alimpa pole na kumweleza kwamba tiba ni moja tu. Orville akanunua. Jua lake likaruka hadi kwa mwenye beseni, naye akanunua, na aliyefuata hakungoja hata kuuliza. Kufikia Ijumaa kiatu chote cha farasi kiling'aa kama meno ya mwanasiasa, na Floyd alikuwa amesifiwa hadi akaanza kujiamini mwenyewe, jambo la hatari katika kazi yake.

Jumamosi Verna alifungua mlango akiwa amevaa sweta. Akamkabidhi rejeta na spana. Floyd akaichomoa yake mbovu, akaitupa, akalala chini ya gari kufunga ile mpya.

Ndipo jua lilipofika utosini. Kila gari lililikataa, kwa adabu, na jua lote lililokataliwa likakusanyika mdomoni mwa kiatu, kwenye gari la Floyd. Mapazia ya maua yakaanza kutoa moshi. Sabuni ikatambaa kutoka kwenye sinki. Na wale wabishi, ambao tangu Mei hawakuthubutu kuwasha jiko wakala saladi tu kama sungura, wakaja wamejipanga na masufuria. Maharage ya Orville yalienda kwenye sinki, biskuti kwenye dashibodi. Bata mzinga wa Verna alilazwa kitandani, kichwa cha kitanda kikiwa upande wa moto.

"Jamani, hili ni gari langu," Floyd alisema kutoka chini.

"Na foili ni yako," Verna alisema. "Umetusaidia sana."

Floyd alikaza nati ya mwisho kwa glavu za jikoni, akaruka kwenye usukani na kuondoka na chakula cha mchana cha kambi nzima. Hakuna aliyemkimbiza. Walifungua viti, wakapanga sahani.

Mlimani Floyd aliwasha hita mpaka mwisho, kama afanyavyo kila dereva mzoefu ili kuinyang'anya injini joto lake. Injini ikapona, yeye na bata mzinga wakaendelea kuiva. Misonobari ilikuwa imeshaanza kunukia pale kifuniko cha rejeta kiliporuka hewani, na kioo cha mbele kikafunikwa na mayai ya kuvuruga, yenye pilipili manga, yaliyokolea vizuri. Marehemu Leland aliziba matundu yote ya rejeta hiyo kwa mayai na pilipili, na kwa mwendo wa tambarare hakuwahi kupata lawama.

Gari likarudi kinyumenyume, polepole, hadi likatua mdomoni mwa kiatu palepale lilipotoka. Verna akafungua mlango, akamchoma bata kwa uma.

"Ameiva," akawaambia wenzake.

"Mama, ile rejeta," Floyd alisema.

"Huwa inarudi. Wewe si wa kwanza kuichukua."

Floyd alifuta yai kwenye kioo ili apate kuona barabara ya bondeni. Juu ya barabara, tumbusi walikuwa wakizunguka na kusogea, wakizunguka na kusogea.

"Ni nani wale?"

"Wageni wetu," Verna alisema, akikata paja. "Niliwapigia simu siku uliyofika. Wamesema sisi tuandae nyama, wao wataleta mtindi."