Kuku Wangu Ni wa Wilaya Yako, Mjukuu Wangu Siye

Kwa Afisa Elimu wa wilaya inayoanzia uani kwangu.

Mwanangu Mheshimiwa,

Shikamoo yako nimeipokea, hata kama hujaitoa. Mimi ni mzima, ila goti. Nimesoma mpaka darasa la tatu tu, kwa hiyo nitaandika kwa ufupi na wewe usome kwa makini.

Mjukuu wangu, tunamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi, ametimiza miaka saba. Nataka aanze darasa la kwanza katika shule iliyo nyuma ya nyumba yangu. Karani wako, yule mama mwenye miwani ya kamba shingoni, amekataa. Anasema jiwe la mpaka liko uani kwangu, chini ya kamba ya kuanikia nguo. Shule iko ng'ambo ya jiwe, ni yako. Nyumba iko huku, ni ya wilaya nyingine, na mtoto asome kwao. Daftari la kuandikisha linafungwa Ijumaa. Basi malalamiko yangu ni haya:

1. Kutoka mlango wa jikoni mpaka geti la shule yako ni hatua thelathini na nane, na hizo ni za goti bovu. Hiyo shule ya "kwao" iko ng'ambo ya barabara kuu ya malori, mwendo wa saa nzima. Mama yake ni muuguzi, anaondoka alfajiri. Mimi sifiki huko, na sitaki barabara ile inilelee mjukuu.

2. Mipira ya shule yako huangukia ndani ya sufuria yangu. Inavuka mpaka bila barua ya uhamisho na haijaulizwa kwao ni wapi.

3. Mwalimu wako wa hesabu ana sauti ya kuita watu walioko shambani. Nashona huku namsikia. Sasa najua saba mara moja mpaka saba mara kumi na mbili, mimi bibi wa wilaya nyingine. Kama ni wizi wa elimu, nimeiba sana, na ushahidi naweza kukuhesabia.

4. Sare za shule yako nazishona mimi. Kola zote unazoziona mstarini asubuhi zimepita kwenye cherehani yangu. Shingo moja tu nimekatazwa kuivisha, na ndiyo niliyoipima kwanza. Sare yake inaning'inia nyuma ya mlango. Kila asubuhi anaigusa, halafu ananitazama mimi, hakutazami wewe.

5. Banda langu la kuku liko ng'ambo ya jiwe. Kwa hiyo kuku kumi na wawili na jogoo wao ni wakazi halali wa wilaya yako. Nilimwambia karani aandike kwenye fomu kuwa mtoto analala bandani. Akasema mtoto si kuku. Nikamwambia hilo ndilo nililokuja kulalamikia.

6. Akufukuzaye hakwambii toka. Wa ofisini kwako husema njoo Jumatatu. Nimekuja Jumatatu tatu. Ya tatu karani alifungua ramani, akaweka kidole, akasema, Bibi, jiwe halidanganyi. Mimi na jiwe hatuna ugomvi. Ni jiwe bapa, zuri, limetulia kuliko watu wengi wa ofisi yako.

Kwa hiyo naomba moja kati ya mawili. Ama uisogeze shule hatua arobaini kuja huku, ama uniandikishe mimi darasa la kwanza. Makazi si tatizo, nitahamia bandani. Nilipoolewa nililala pabaya zaidi. Ila kwa goti hili nitahitaji mtu wa kunishika mkono na kukaa nami dawati moja mpaka darasa la saba. Nimeshampata.

Nisalimie mkeo na watoto. Mama yako mwambie alilea vizuri mpaka ukapewa muhuri. Mlinzi aliyenipa kiti msalimie mara mbili, karani mara moja. Nangoja jibu mpaka Alhamisi. Ijumaa nitakuja mwenyewe, na cherehani, maana siwezi kukaa bure.

Ni mimi,
Bibi yake Chiriku, fundi wa nyuma ya shule.

Nyongeza: Nikiwa nafua nimekumbuka jambo dogo. Jiwe hilo zamani lilikuwa mbele ya nyumba, upande wa barabarani. Nililiviringisha mimi mpaka uani mwaka aliozaliwa Chiriku, maana nepi zilikuwa nyingi, nalo linafaa kusugulia, na sikumwona mwenye jiwe. Wapimaji walikuja baadaye na ramani yao wakalikuta hapo. Sikuwaambia kitu, kwa kuwa waliingia bila hodi. Sasa tukilifuata jiwe lilipokuwa, sisi tumekuwa watu wako siku zote. Na kama mnamtafuta aliyehamisha mpaka wa wilaya, ni nepi za huyo huyo mnayemkatalia. Mkija kulirudisha, leteni wanaume wawili wenye migongo mizima na jiwe jingine bapa la kuniachia. Msije Jumamosi, nafua.